Mjerumani aliyeandika Wajerumani wakitawaliwa na watu wa Mirihi, mwaka 1897. Alikuwa anatusema sisi?

#1 Mwana wa Usagara
Wakuu, salaam.

Nimemaliza riwaya moja usiku wa kuamkia leo na bado haijanitoka kichwani. Inaitwa Auf zwei Planeten, yaani "Kwenye Sayari Mbili". Mwandishi ni Mjerumani, Kurd Laßwitz, na ilitoka 1897. Mimi nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1971.

Kisa chenyewe: Wajerumani watatu wanapanda puto kwenda Ncha ya Kaskazini. Wanafika, wanakuta watu wa Mirihi walishatangulia zamani na wamejenga kituo. Hawa Wamirihi si mazimwi. Ni watu kama sisi ila wana macho makubwa, wapole, na elimu yao imetuacha mbali. Mwanzoni ni urafiki mtupu. Halafu manowari ya Kiingereza inagombana nao, Uingereza inapigwa, na mwisho Ulaya nzima inawekwa chini ya himaya. Ujerumani inaletewa mwakilishi mkuu wa kuisimamia. Majeshi yanapunguzwa kwa amri. Watu wazima wanapelekwa shule kwa lazima wakafundishwe ustaarabu, na wanaambiwa yote hayo ni kwa faida yao.

Sasa tazameni mwaka. 1897! Bushiri kanyongwa Pangani miaka minane tu nyuma, Desemba 1889. Mkwawa bado yuko msituni anawindwa, alijipiga risasi Julai 1898. Kitabu kinauzwa madukani kule huku hayo yanatendeka huku.

Swali langu: huyu bwana alikuwa anawaonyesha Wajerumani wenzake kwamba hivi ndivyo wanavyotufanya? Au ni sadfa na sisi tunajiona tu mle ndani?

#2 Kipepeo77
Nakaa hapa hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mchumi Mtaa
Nijuavyo, huyo alikuwa mhandisi mzaliwa wa Gotha, na alichofanya ni kuiga kitabu cha H. G. Wells cha Wamirihi kuvamia Uingereza. Hakuna siri kubwa.

#4 Dada wa Leipzig
Mchumi Mtaa, nakusahihisha kwa heshima, mambo matatu.

Hakuwa mhandisi. Alisomea hisabati na fizikia, akapata udaktari 1873, tasnifu yake ilihusu matone ya maji yanavyoning'inia kwenye vitu vigumu. Kisha akawa mwalimu wa sekondari maisha yake yote. Hakuzaliwa Gotha, alizaliwa Breslau tarehe 20 Aprili 1848, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Gotha alihamia 1876 kufundisha katika shule ya Ernestinum, akastaafu 1908, akafa huko huko Oktoba 1910.

Na hakuiga Wells. Hadithi ya Wells ilianza kutoka gazetini Aprili 1897 kwa mafungu, ikawa kitabu 1898. Riwaya ya Laßwitz ilitoka 1897 hiyo hiyo, na ni bunda la kurasa mamia, huwezi kuliandika kwa miezi michache. Wawili hawa walitazama nyota moja kwa wakati mmoja, kila mtu na dirisha lake.

Mleta mada, wewe nawe pole. Tafsiri ya 1971 ilitokana na toleo lililofupishwa. Kuna mengi hujayaona.

#5 Mwana wa Usagara
Ahsante dada. Niambie basi nilichokosa, maana hapo umenitia kiu.

#6 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Kabla hatujaingia siasa, tumpe mzee haki yake ya darasani, maana ni mwenzangu wa chaki.

Kituo chake cha anga kinaelea juu ya Ncha ya Kaskazini, kimo cha nusukipenyo kimoja cha dunia, zaidi ya kilomita 6,300. Watu wanapandishwa na kushushwa ndani ya nguzo ya nguvu inayofuta uvutano. Sasa, kwa elimu ya leo, kitu hakiwezi kusimama bure juu ya ncha. Satelaiti inayoonekana imesimama angani lazima iwe juu ya Ikweta, kilomita 35,786 hivi, izunguke sambamba na dunia. Juu ya ncha itaanguka. Laßwitz alilijua tatizo hilo! Ndiyo maana kituo chake hakikai bure: kinatumia nguvu ya jua kujishikilia muda wote. Alikosea majibu, lakini swali alilijua, na kwa mtu wa 1897 hilo si dogo.

Halafu vyombo vyake vinaporuka kati ya sayari, havikimbii tu mbele kama basi la Dodoma. Vinafuata njia za mvuto wa jua na vinajirekebisha kwa kufyatua milipuko midogo. Hapo mwalimu wa fizikia unamwona kabisa, kashika chaki.

#7 Nahodha Kizimkazi
Mwalimu, umetaja Ikweta, nami nakumbusha tu: tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na wakaiita Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina la Kiswahili liliruka angani mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Narudi kwenye mada. Mimi naona kitabu hiki ni Uingereza inasemwa, si Ujerumani. Sisi Unguja tuliwekwa chini ya himaya ya Kiingereza 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zikapiga kasri, dakika 38 hivi, kasri likawa kifusi. Mwaka mmoja baadaye Mjerumani anaandika manowari za Kiingereza zinazopigwa na chombo cha angani zisichoweza kukigusa. Kwa Mjerumani wa wakati ule, aliyekuwa anawaonea Waingereza gere la bahari, hiyo ilikuwa hadithi tamu. Na yule mwakilishi mkuu mleta mada anayemtaja ni Balozi wetu yule yule wa Kiingereza aliyekuwa anamwambia Sultani la kufanya.

#8 Dada wa Leipzig
Nahodha, hoja yako ina uzito, ila haifiki mwisho wa kitabu. Uingereza inapigwa katikati tu. Mataifa ya Ulaya yanapoanza kugombania mali za Uingereza aliyeanguka, ndipo Wamirihi wanapochoka na kuiweka Ulaya nzima chini yao. Wajerumani hawasalimiki.

Sasa Mwana wa Usagara, hiki ndicho nilichotaka kukwambia. Kuna maafisa wa Kimirihi ambao wakikaa duniani muda mrefu wanabadilika. Wale wapole, wenye akili zilizotulia, wanakuwa wakali, wanajiona miungu, wanawatesa watu ambao wao walitumwa kuwafundisha. Laßwitz anaupa ugonjwa huo jina: Erdkoller, kichaa cha dunia.

Msomaji wa Kijerumani wa 1897 hakuhitaji kufafanuliwa. Magazeti yake yalikuwa yamejaa neno Tropenkoller, kichaa cha nchi za joto, ndilo walilotumia kueleza kwa nini maafisa wao wakifika Afrika wanakuwa wanyama. Na kesi iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa huku kwetu.

#9 Kijana wa Iringa
Mkono wa Damu.

#10 Dada wa Leipzig
Yeye. Akiwa Kilimanjaro, kati ya 1891 na 1892, aliamuru wanyongwe mtumishi wake na mwanamke wa Kiafrika aliyekuwa amemweka kinyumba. Machi 1896 mbunge August Bebel alilisimamia jambo hilo bungeni Berlin, likawa kashfa ya nchi nzima. 1897 Peters akaondolewa katika utumishi kwa hukumu ya nidhamu. Mwaka wa kitabu! Kwa hiyo mimi sisemi ni sadfa. Alichukua neno ambalo Wajerumani walilitumia kwetu, akalibadilisha nusu yake, akawavisha wao.

#11 Mchumi Mtaa
Nimekubali masahihisho ya #4. Hili la Erdkoller sikulijua kabisa, ahsante.

#12 Ustadhi wa Falsafa
Msimfanye mtakatifu haraka hivyo.

Huyu alikuwa mfuasi wa Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, hadi kwenye mifupa. Aliandika vitabu vya kumfafanua Kant, akaandika historia ya nadharia ya atomu katika majuzuu mawili mwaka 1890, kazi ambayo wanahistoria wa sayansi waliiheshimu kuliko riwaya zake. Wamirihi wake ni watu wa Kant: wanaongozwa na akili na wajibu, hawatawaliwi na tamaa. Ndiyo maana anawapenda. Someni vizuri, kosa la Wamirihi mle ndani halisemwi kuwa ni kuja kutawala. Kosa ni kwamba baadhi yao walishindwa kuwa Wamirihi wa kweli. Kwamba afisa fulani alipata kichaa.

Na ndivyo hasa walivyojitetea Wajerumani wengi juu ya Peters: huyu ni mgonjwa, mwondoeni, tuleteeni mkoloni msafi. Sasa hapo huyo mwandishi anatusema sisi, au anawatafutia wenzake mkoloni msafi?

#13 Binti Kisauni
Ustadhi, hapo nimekaa nikanyoosha mgongo.

Ila nina jibu. Neno Tropenkoller linalaumu joto. Linasema mtu alikuwa mzuri kwao, jua la Afrika likamharibu, kwa hiyo mwenye hatia ni nchi yetu. Laßwitz anapoligeuza, nchi inayomtia mtawala kichaa ni Ujerumani: hewa ya Ujerumani, uzito wa Ujerumani, watu wa Ujerumani. Msomaji wa Berlin analetewa shutuma ile ile mezani kwake na anaonja jinsi ilivyo ya kijinga. Hiyo si kumtafuta mkoloni msafi. Hiyo ni kuuvua uongo nguo.

#14 Ustadhi wa Falsafa
Binti Kisauni, nimeisoma hoja yako mara mbili. Ni nzuri. Bado nasimama nilipo, ila si kwa uimara ule wa asubuhi.

#15 Mama Ntilie wa Mwenge
Mimi sina elimu ya Kant, ila nimefuatilia tangu juu. Hao Wamirihi wanakula nini?

#16 Dada wa Leipzig
Mama, swali zuri kuliko unavyofikiri! Chakula chao kinatengenezwa kiwandani kwa nguvu ya jua kutoka mawe na hewa, hawalimi wala hawachinji. Na wanaona ni aibu kula mbele ya mtu. Kila mmoja anajifungia peke yake. Kula pamoja kwao ni utovu wa adabu.

#17 Mama Ntilie wa Mwenge
Wajifungie kula?! Basi hao hata wakija na ndege za dhahabu hawajastaarabika. Mtu anayekula amejificha kwetu ana jina lake. Sinia liko katikati, mkono wa mwenzio unauona, ndipo unajua umeishi na watu.

#18 Nahodha Kizimkazi
Mama kamaliza mjadala wa ustaarabu kwa sinia moja.

#19 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Kuna onyesho nalipenda linalofanana na hilo la sinia. Wamirihi wakiwa duniani wanaelemewa, maana uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya wetu. Wanajikokota kama wagonjwa. Kwa hiyo katika vyumba vyao wamepunguza uvutano. Ili wakae na wageni wao, chumba kimegawanywa kwa mstari sakafuni: upande huu uzito wa dunia, upande ule uzito wa Mirihi. Wanazungumza hapo, kila mtu upande wake. Ukivuka mstari bila kujiandaa unapepesuka.

Nilipokuwa nafundisha kidato cha pili nilichora mstari ule darasani kwa chaki, nikawaambia wanafunzi wahesabu uzito wao pande zote mbili. Aliyekuwa na uzito wa niutoni 500 huku, kule 190. Darasa ambalo lilikuwa linasinzia liliamka lote. Kuna binti aliuliza, "Mwalimu, anayezoea kule akirudi huku ataweza kubeba ndoo?" Sikupata swali bora kuliko hilo mwaka ule.

#20 Kijana wa Iringa
Naomba kurudisha uzi kwenye damu kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akisimulia aliyoyasikia kwa baba yake, kuhusu "hamsa ishirini", yaani viboko ishirini na tano. Alisema kulikuwa na afisa mmoja aliyefika akiwa kijana mpole, anacheka na watoto, anajifunza salamu zetu. Baada ya mvua mbili akawa ndiye anayesimama kuhesabu viboko mwenyewe, na mtu akikosea kuhesabu anaanza upya. Wazee walikuwa wanaulizana ameumwa na nini. Hawakusema ni joto. Walisema: hakuna aliyemwambia hapana. Basi.

Mkwawa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, fuvu likarudi 1954. Kwa hiyo nikisoma jina hilo la kichaa cha dunia, naona mwandishi alikaribia sana, lakini babu zangu walikuwa na maelezo mafupi zaidi.

#21 Binti Kisauni
Kijana wa Iringa, ahsante. Poleni.

#22 Mpenda Ramani
Nimechelewa. Mnasahau Gotha ni mji gani.

Gotha ndiko ilikokuwa nyumba ya Justus Perthes, wachapaji wa ramani. Mhariri wao, August Petermann, ndiye aliyechapisha 1856 ile ramani maarufu ya wamisionari Erhardt na Rebmann waliokuwa pwani yetu. Walikusanya maneno ya wasafiri wa misafara, Waswahili na Waarabu na wa bara, wakachora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, umbo lake kama konokono asiye na gamba. Maziwa matatu yalimezwa yakawa bahari moja. Ramani hiyo ilizua ubishi Ulaya, na mwaka uliofuata Burton na Speke wakaingia bara kutafuta ukweli. Rebmann huyo ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, mwezi mmoja baada ya Laßwitz kuzaliwa, na wakubwa wa London wakamwambia anaota.

Petermann huyo huyo alikuwa na ugonjwa wa Ncha ya Kaskazini. Alishika kwamba ng'ambo ya barafu kuna bahari iliyo wazi, akasukuma Wajerumani wapeleke meli 1868 na tena 1869. Laßwitz anafika Gotha 1876, Petermann anafariki hapo hapo 1878. Mji mdogo. Sasa riwaya inaanzaje? Puto linakaribia ncha, wanachungulia chini, wanaona RAMANI kubwa mno ya nusu ya kaskazini ya dunia imechorwa ardhini! Mimi nasema chimbuko si Peters wala Kant. Chimbuko ni mji wa wachora ramani, ambako watu walikaa ofisini wakichora nchi ambazo hawajazikanyaga, na mwalimu mmoja akawaza: je, na sisi kuna mtu anatuchora kutoka juu?

#23 Mwana wa Usagara
Mpenda Ramani, hiyo imenipiga. Ile ramani barafuni niliipita haraka haraka.

#24 Mchumi Mtaa
Lakini mbona puto la kweli lilikuwepo? Msweden Andrée aliruka na wenzake wawili kutoka Svalbard Julai 1897 kwenda Ncha. Watatu, puto, mwaka huo huo. Si ndiyo chanzo?

#25 Dada wa Leipzig
Mpango wa Andrée ulijulikana kabla, magazeti yaliuzungumza sana na jaribio la kwanza 1896 lilikwama. Kwa hiyo huenda ulimpa wazo la puto. Safari yenyewe haikuweza, maana hakuna aliyejua yaliyowapata mpaka miili yao ilipopatikana 1930 kwenye kisiwa cha barafu. Wasomaji wa kwanza wa riwaya walisoma watatu wanaopotea kaskazini huku watatu wa kweli hawajulikani waliko.

#26 Mpenda Ramani
Na puto la Jules Verne lilianzia Zanzibar, riwaya yake ya 1863. Sisi tumo kwenye hizi hadithi tangu siku ya kwanza, ila kama kiwanja cha kurukia.

#27 Hesabu Tamu
Mnajadili kitabu kimoja tu. Kazi yake kubwa kwangu ni hadithi fupi ya 1904, Die Universalbibliothek, Maktaba ya Vyote.

Profesa anakaa na marafiki sebuleni, wanaulizana: tukichukua alama 100, yaani herufi, tarakimu, nukta, nafasi tupu, tukachapa kila mpangilio unaowezekana katika vitabu vya kurasa 500, kila ukurasa mistari 40, kila mstari alama 50, tutapata vitabu vingapi? Kitabu kimoja kina alama milioni moja. Jibu ni moja ikifuatwa na sifuri milioni mbili. Vitabu hivyo kila kimoja kiwe na unene wa sentimita 2, rafu yake mwanga wenyewe ungeikimbia kwa miaka ambayo idadi yake ina tarakimu karibu milioni mbili. Haienei katika ulimwengu wote tunaouona.

Mle ndani kimo kila kilichoandikwa na kitakachoandikwa. Kila utenzi uliopotea Pate na Siyu, neno kwa neno. Na matoleo yake ya uongo mabilioni, na huna njia ya kujua lipi ni lipi. Mwandishi wa Argentina, Jorge Luis Borges, aliitambua hadithi hii katika insha yake ya 1939, kabla hajaandika maktaba yake mwenyewe ambayo dunia nzima inaijua.

Niliisoma nikiwa nimelazwa wodini wiki tatu. Sikuwa na simu nzuri, nilikuwa na karatasi na kalamu. Nilijaribu kwa herufi zetu 24 na alama chache. Nilihesabu mpaka nikasahau maumivu.

#28 Dada wa Leipzig
Hesabu Tamu, jina lenyewe lina utani ndani yake: Universal-Bibliothek ni mfululizo wa vitabu vya bei nafuu wa wachapaji Reclam, uliozaliwa hapa hapa Leipzig 1867. Wanafunzi wa Kijerumani mpaka leo wanavijua. Ni kama mtu achukue jina la daftari la shule alifanye jina la ulimwengu.

#29 Mlinda Mifupa, Lindi
Hakuna aliyetaja hadithi yake Homchen? 1902. Mnyama mdogo mwenye manyoya, anaishi zama za mijusi wakubwa, anawaza. Laßwitz aliandika hivyo miaka minne kabla Mjerumani hajaonyeshwa mifupa ya Tendaguru kwetu. Uchimbaji ulianza 1909, yeye akafa 1910 watu wetu wakiwa bado wanabeba mifupa kichwani kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa kwa miguu. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin. Mjusi aliyesimamishwa kule ana kimo cha mita 13 na ushee. Babu wa jirani yetu alikuwa mmoja wa wapagazi. Alisema walijiuliza ni zimwi gani wazungu wamelipenda hivyo.

#30 Kipepeo77
Nimekaa kimya tangu #2 ila nimejifunza mengi. Swali dogo: ndiye wa kwanza Ujerumani kuandika bunilizi za kisayansi?

#31 Ustadhi wa Falsafa
Wapo wanaomtanguliza mnajimu Kepler, aliyeandika safari ya mwezini, ikachapishwa 1634 baada ya kifo chake. Ila aliandika kwa Kilatini.

#32 Dada wa Leipzig
Wengi humwita Laßwitz baba wa fani hiyo kwa Kijerumani, na tuzo ya waandishi wa fani hiyo ina jina lake. Alianza 1871 na hadithi ya mwaka 2371, yenye mwanamke anayepiga kinanda cha harufu badala ya sauti. Hans Dominik, aliyekuja kuuza vitabu vingi mno baada ya Vita vya Kwanza, alikuwa mwanafunzi wake Gotha. Lakini Dominik alichukua mashine akaacha moyo.

#33 Kijana wa Iringa
Na Wernher von Braun, yule mtaalamu wa roketi, je? Nimesoma aliipenda riwaya hii akiwa kijana, na maneno yake ya kuisifu yamo katika ile ya 1971.

#34 Dada wa Leipzig
Kweli. Na roketi zake za kivita za V-2 ziliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, waliokufa kwa maelfu. Kambi ile iko Thuringia, mkoa ule ule wa Gotha. Kitabu kinahusu watu wenye elimu kubwa wanaopotoka wakipewa watu wa kuwatawala. Aliyekipenda hakuliona hilo.

#35 Ustadhi wa Falsafa
Hapo ndipo nataka kurudi. Kitabu kinaishaje? Wanadamu wanaunda umoja wao, na kaulimbiu yao ni Numenheit ohne Nume. Nume ni jina la Wamirihi wenyewe. Yaani "Umirihi bila Wamirihi": tuyachukue maadili yao, elimu yao, uhuru wao wa akili, lakini wao waondoke. Wamarekani wanajenga vyombo kwa siri, wanateka vituo vya nchani, na amani inapatikana.

Si ndiyo wazee wetu waliyosema kwenye miaka ya 1950? Shule tunaitaka, wewe hatukutaki. Mwandishi aliweka sentensi ya wapigania uhuru midomoni mwa Wajerumani, nusu karne kabla. Sijui nimweke upande gani.

#36 Binti Kisauni
Kumbe umehama.

#37 Ustadhi wa Falsafa
Sijahama. Nimesimama mlangoni. Maana kaulimbiu hiyo hiyo inakubali kwamba utu halisi uliletwa na wageni. Mama Ntilie angewauliza: na sinia letu je?

#38 Mwana wa Usagara
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichokuja nacho. Nimeamua nijaribu kutafsiri sura chache kwa Kiswahili, nizibandike hapa hapa. Dada wa Leipzig utanisaidia pale palipokatwa. Naombeni maneno mawili. La kwanza Erdkoller. La pili Bate, jina ambalo Wamirihi wanamwita binadamu wa dunia, kwa sauti ya kumshusha.

#39 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Erdkoller: "kichaa cha ardhi". Lazima mahali pawemo ndani ya neno, kama Binti Kisauni alivyosema #13.

#40 Kijana wa Iringa
Mimi ningesema "ulevi wa ugenini". Kichaa humwondolea mtu hatia. Ulevi mtu alikunywa mwenyewe.

#41 Nahodha Kizimkazi
Naunga mkono ulevi. Na Bate ni rahisi, neno tunalo tayari: mshenzi. Ndivyo pwani walivyowaita wa bara, kwa sauti hiyo hiyo.

#42 Kijana wa Iringa
Nahodha, neno hilo babu yangu aliitwa kabla Mjerumani hajafika. Aliitwa na watu wa misafara waliokuja na bunduki na shanga. Unataka niliweke midomoni mwa Wamirihi, halafu nisome nikifikiri ni Wajerumani tu wanaosemwa?

#43 Nahodha Kizimkazi
Ndiyo, kaka yangu. Nilikuwa nafikiria hilo hilo nilipoliandika.

#44 Binti Kisauni
Mwana wa Usagara, usiamue leo.

#45 Mwana wa Usagara
Siamui. Nimeanza na puto. Ukurasa wa kwanza hauna Mmirihi bado, ni watu watatu tu na barafu chini yao.